Lava haichagui mtu, listi ndiyo inachagua

Ndugu wa chama, wanafunzi na ninyi wenye mumesha maliza masomo,

Tukizungumza juu ya Nyiragongo, watu wengi wanasema volkano haina ubaguzi. Moto ukishuka, hauulizi kama wewe ni mwanaume ao mwanamke, tajiri ao maskini. Kwa lava yenyewe, ni kweli. Lakini msiba hauanzi saa lava inatoka, na hauishi saa lava inapoa. Unaanza kitambo, kwa namna nyumba, mali na kazi vinagawanywa kati ya watu. Na unaendelea nyuma, ile siku mtu anafika na karatasi na kalamu, anasimama mbele ya hema na kuuliza: «Hapa kichwa cha nyumba ni nani?»

Leo nataka tupitie historia yetu wenyewe: Nyiragongo mara tatu, 1977, 2002 na 2021, kisha mafuriko ya Kalehe ya 2023. Neno langu ni moja. Sehemu kubwa ya yale yenye yanawaumiza wanawake kisha msiba haitoke mulimani wala mtoni. Inatoka kwenye hesabu: nani anahesabiwa, kwa jina la nani, na nani anaulizwa. Ninawaambia ninyi hasa, juu kesho ni ninyi mutapewa ile karatasi na ile kalamu.

1977: wafu wenye hatuwajui

Tarehe 10 januari 1977, ziwa la lava lenye lilikuwa kule juu ya kilele likatoboka pembeni. Saa moja haikutimia, lote likawa limemwagika. Lava ya Nyiragongo ni nyepesi sana, inatiririka karibu sawa maji. Kwenye miteremko ya juu, wataalamu walikadiria mwendo wa kilometa 60 kwa saa. Hata kijana mwenye nguvu hawezi kuikimbia. Wenye walipigwa sana ni watu wa vijiji vya kaskazini ya Goma, watu wa shamba.

Walikufa wangapi? Vitabu havipatane. Vingine vinasema karibu 70, vingine vinasema mamia. Tofauti kubwa namna hiyo inatufundisha kitu: watu wale hawakuwa wameandikwa vizuri fasi yoyote, kwa hiyo hata kufa kwao kukawa kwa kukadiria. Na zile namba zenye tunarudilia kila mwaka hazituambie wangapi walikuwa wanawake, wangapi watoto, wangapi wazee.

Mtu anaweza kuuliza: hiyo inasaidia nini, kama mtu amesha kufa? Inasaidia walio hai. Kama haujui nani alikufa, hautajua juu ya nini alikufa. Alikuwa shambani? Alirudi kuchukua mtoto? Alikuwa anangoja bwana wake arudi ndipo aamue kutoka? Hakusikia habari? Kila jibu linaomba matayarisho tofauti. Bila jibu, tunabaki na matayarisho moja tu: kukimbia ovyo.

2002: lava ilifunika mipaka, karatasi zikabaki

Tarehe 17 januari 2002 mulima ukapasuka upande wa kusini, na nyufa zikashuka mpaka karibu na mji. Wakati huo Goma ilikuwa mikononi mwa RCD, vita iko, serikali ya Kinshasa haina mkono huku. Lava ikapita katikati ya mji. Ikafunika kipande cha kiwanja cha ndege, ikateketeza kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu na sehemu kubwa ya fasi ya biashara, ikafika paka ndani ya Ziwa Kivu. Mamia ya maelfu ya watu wakakimbia, wengi upande wa Gisenyi, wengine upande wa Sake. Karibu watu 120,000 wakabaki bila nyumba. Wafu walikuwa mia na zaidi, na wengi kati yao walikufa siku chache nyuma, wakati kituo cha mafuta kililipuka watu wakiwa wanachota.

Mashirika yalikuwa yanatayarisha kambi upande wa Rwanda. Lakini watu wa Goma hawakungoja. Kisha siku chache tu wakaanza kurudi, wakitembea juu ya mawe yenye yalikuwa yangali moto. Magazeti ya dunia yalishangaa. Sisi tunaelewa: mtu mwenye anakula leo kile alichouza leo hawezi kukaa kambini akingoja.

Mama wa biashara ndogo hana konti banki. Mtaji wake ni gunia la maharagwe, makala, vitenge viwili vitatu, na deni lenye watu wako nalo kwake. Vyote viko ndani ya nyumba ao kwenye meza ya soko. Moto ukipita pale, kazi yake imekwisha, pamoja na masomo ya watoto na zamu yake ya likelemba. Sasa angalia karatasi ya kuandikia wenye wamepata hasara. Nyumba iko na safu yake. Manjanja iko na safu yake. Mtaji wa mama, mara nyingi hauna safu. Kitu chenye hakina safu, kwa mwenye kutoa msaada hakikupotea.

Tena kuna jambo la parseli. Fikiri lava inafanya nini kwa ardhi ya mji. Haichome nyumba tu. Inafunika lupango, miti, mawe ya pembeni na barabara. Fasi ilikuwa parseli kumi inakuwa bahari moja ya mawe meusi. Ile siku watu wanataka kujenga tena, kitu cha kuonyesha kwamba hapa ni kwangu ni karatasi na mashahidi basi.

Karatasi ziliandikwa kwa jina la nani? Sheria ya ardhi ya 1973 ilisema ardhi ni ya serikali, na mtu anaishika kwa karatasi yenye serikali inamupa. Sheria ya jamaa ya 1 agosti 1987, kifungu cha 444, ilisema bwana ndiye kichwa cha nyumba. Kifungu cha 448 kikasema bibi apate ruhusa ya bwana kwa matendo ya kisheria yenye yanamfunga. Kwa hiyo hata kama ni mama aliyelipa parseli kwa faranga za maharagwe, ilikuwa kawaida karatasi itoke kwa jina la baba. Wakati mambo iko sawa, hakuna mtu anaona shida. Wanalala nyumba moja, wanakula sahani moja.

Msiba ndio unafungua ile karatasi. Mjane mwenye ndoa yake haikuandikwa kwa serikali, anaonyesha nini? Bibi wa pili, mwenye sheria haimjue kabisa, anajiandikisha wapi? Msichana mwenye analea wadogo zake, wazazi wamekufa vitani, yeye ni kichwa cha nyumba ao ni mtoto? Shemeji akija na kusema parseli hii ni ya marehemu kaka yangu, listi inamwamini nani? Hapa hakuna lazima kuwe na mtu mwenye roho mbaya. Karani mwenye heshima, anayeandika vile sheria inataka, anaweza kuwatoa wanawake wengi ndani ya listi bila kujua.

2021: amri ya kutoka, na nani anabeba

Jumamosi tarehe 22 mei 2021, jioni, Nyiragongo ikapasuka tena, na mji haukupata onyo. Kituo cha kuchunguza volkano cha Goma kilikuwa kimepita miezi mingi kwenye shida kisha msaada wa Banki ya Dunia kuisha 2020. Lava ikafunika sehemu za Buhene na vijiji vya Nyiragongo, ikasimama karibu na mji. Watu karibu 32 wakafa, maelfu ya nyumba zikaungua. Kisha ikaja hofu ingine: tetemeko kila saa, na mashaka ya lava kutokea chini ya mji ao chini ya ziwa. Tarehe 27 mei asubuhi, gavana wa kijeshi akatoa amri: kartiye 10 kati ya 18 za Goma zitoke. Siku moja, karibu watu 400,000 wakawa njiani: Sake, Minova, Rutshuru, Rwanda, na kwa mashua paka Bukavu.

Amri ya namna hiyo inasema «tokeni», basi. Haiseme nani atabeba bibi mwenye hatembei, nani atashika watoto watatu na bidoni na mfuko wa nguo. Kwa desturi yetu, mabega yenye yanafanya hiyo kazi yanajulikana. Mtu mwenye mikono mitupu anafika Sake mapema na kupata fasi kanisani ao ndani ya masomo. Mwenye anabeba wengine anafika usiku, analala kwenye barza ya duka. Katika ule msukosuko mamia ya watoto walipotezana na wazazi wao, na UNICEF pamoja na Msalaba Mwekundu wakafanya kazi ya majuma kuwarudisha.

Na maji? Lava ilivunja mitambo ya maji ya mji, karibu watu nusu milioni wakakosa maji ya bomba. Kwenye ripoti hiyo inaandikwa kama shida ya «wakaaji wa Goma». Ni kweli, wote wanakunywa. Lakini tunajua nani anashuka ku ziwa na bidoni. Bomba likikauka, baba anakosa maji ya kuoga. Binti anakosa nusu siku ya masomo, kila siku, paka bomba litengenezwe. Kutengeneza bomba mapema ni kazi ya mainjinia, na kwa wakati uleule ni kumrudisha binti kwa kiti chake darasani.

Katika fasi za kulala pamoja iko mambo yenye wanaume wengi tunaona haya kuyataja, lakini tuyataje. Choo bila mlango wenye kufunga kwa ndani. Fasi ya kuoga yenye haina taa. Msichana yuko katika siku zake na hana kitambaa wala maji. Mama ana mimba ya miezi nane njiani kuelekea Sake. Kwenye kambi za wakimbizi wa vita pembeni ya Goma, mwaka wa 2023, Madaktari Wasio na Mipaka walisema wazi kwamba wanawake wengi walibakwa walipokwenda kutafuta kuni na chakula. Kule iko vita, si volkano. Lakini mama mwenye anatoka kambini asubuhi kutafuta kuni ni yuleyule, na njia yake ni ileile.

Kalehe 2023: siku ya soko

Upande wa Kivu Kusini, Alhamisi tarehe 4 mei 2023, mvua kubwa ikafanya mito kufurika na udongo kuanguka Bushushu na Nyamukubi, kandokando ya ziwa. Zaidi ya watu 400 wakakutwa wamekufa, na wengi hawakuonekana tena.

Alhamisi ilikuwa siku ya soko Nyamukubi. Kwa mtu wa Kivu hilo neno linatosha kuona picha. Siku ya soko akina mama wanatoka vijiji vya mbali na mizigo mgongoni, watoto wadogo wanafuatana nao, wengine wanafika na mashua. Kwa hiyo daftari la kijiji peke yake haliwezi kutuambia nani alikuwa pale. Mama wa kijiji kingine, mwenye alikuja kuuza mihogo, hayumo katika hesabu ya Nyamukubi, na huko kwake wanajua tu kwamba hakurudi. Kama tunatayarisha onyo la mafuriko kwa kupitia nyumba na nyumba, na siku ya soko nyumba ziko tupu, tumetayarisha nini? Chama cha akina mama wa soko kiwe mtu wa kwanza wa kupewa habari ya mvua ya hatari.

Wenye walihesabu walijifunza nini

Iko inchi zenye zilihesabu, na tunaweza kujifunza kwao. Bangladesh, aprili 1991, kimbunga kiliua karibu watu 138,000. Wachunguzi wakauliza swali lenye sisi hatukuuliza 1977: nani? Kwa watu wa miaka 20 mpaka 44, katika kila wanawake 1,000 walikufa 71, na katika kila wanaume 1,000 walikufa 15. Bahari ilikuwa moja. Lakini wanawake wengi walibaki nyumbani na watoto, wengine wakangoja bwana aseme tuondoke, habari ilipita zaidi fasi wanaume wanakutana, na nyumba za kukimbilia hazikuwa na fasi ya kuwasitiri. Kwa kuwa sababu zilijulikana, zilianza kutengenezwa: wanawake wakaingia kwa wingi kati ya wajitoleaji wa kutoa onyo, nyumba za kukimbilia zikapata vyumba vya wanawake. Leo vimbunga vya Bangladesh havihesabu tena wafu kwa makumi ya maelfu.

Mwaka wa 2007 wachunguzi wawili, Eric Neumayer na Thomas Plümper, waliangalia misiba ya inchi 141, kati ya 1981 na 2002. Waliona kwamba misiba mikubwa inapunguza maisha ya wanawake kuliko ya wanaume, lakini kule haki za wanawake kwa mali na kazi zinakaribia za wanaume, hiyo tofauti inapungua. Kumbe mwili si jibu lote. Sheria ya ardhi na sheria ya jamaa zinaingia ndani ya hesabu ya wafu.

Najua wengine kati yetu watasema: «Haya mambo ya jinsia ni ya wazungu, ni masharti ya mashirika.» Niwajibu kwa heshima. Kwanza, kutazama jinsia si kuwatazama wanawake tu. Kimbunga Mitch, Amerika ya Kati mwaka wa 1998, kiliua wanaume zaidi, juu vijana walijitia katika hatari wakionyesha ushujaa. Swali la «nani» linaokoa wanaume pia. Pili, mama mwenye amepoteza mtaji wake Goma si hadithi ya wazungu. Ni yeye alilipa masomo ya wengi kati yetu.

Sheria zimesogea, na sisi?

Tusiseme hakuna kitu kilichobadilika. Tarehe 15 julai 2016 sheria ya jamaa ilirekebishwa, na ile ruhusa ya bwana ikaondolewa. Mwaka mmoja mbele, sheria ya usawa wa wanawake na wanaume ilikuwa imesha kutoka. Na machi 2015, mjini Sendai kule Japani, inchi za dunia zilipatana juu ya mpango wa kupunguza hatari za misiba paka 2030. Mpango ule unaomba hesabu igawanywe kwa jinsia, umri na ulemavu, na wanawake wawe kati ya viongozi wa matayarisho.

Lakini sheria inakaa Kinshasa, na listi inaandikwa Buhene. Kati ya hizo mbili kuna nani? Mara nyingi kuna mwenye diploma, umri miaka 25, mwenye amepata kazi ya siku kumi ya kuandika watu. Ni wewe. Haujatunga fomu, sawa. Lakini iko mambo yenye unaweza kufanya bila kuomba ruhusa kwa mtu, na mengine ya kupendekeza kwa mwenye kukuajiri.

Andika majina mawili, la bwana na la bibi, hata kama safu ni moja. Ukiambiwa «baba hayuko», usiruke hema. Mama mwenye yuko anatosha. Uliza kama kuna bibi mwingine na watoto wake, na waandike kama nyumba yao. Usiulize tu «nyumba imeungua?», uliza pia «ulikuwa unafanya kazi gani, na mtaji umeenda wapi?» Usiite mkutano saa nne asubuhi, wakati akina mama wako sokoni, kisha useme wanawake hawapendi kushiriki. Mbele ya kuchagua fasi ya choo na bomba, tembea usiku na wasichana wa pale, watakuonyesha njia yenye wanaogopa.

Na kwa nyumba zetu, leo, mbele ya msiba mwingine: piga picha karatasi ya parseli, uiweke kwa simu za watu wawili watatu wa familia. Wenye hawajaandikisha ndoa, waandikishe. Wenye wananunua parseli sasa, waweke majina yote mawili. Hakuna faranga nyingi zinaombwa kwa picha ya simu, lakini ile siku mipaka inafunikwa na mawe, hiyo picha ni ushahidi.

Nyiragongo itapasuka tena, wataalamu hawana mashaka juu ya hilo, na mito ya Kalehe itajaa tena. Hatuna nguvu ya kuzuia mulima. Kalamu ya kuandika listi, lakini, iko mikononi mwetu. Ukifika mbele ya hema na mama akakujibu kwamba bwana hayuko, muulize jina lake, na uliandike.